Fundi, Nyundo na Land Rover za Mbinga

Anayetaka kujua kwa nini watu wa Mbinga, mkoani Ruvuma, hawaagani upesi na Land Rover zao kuukuu asianzie kwa wenye magari. Huko atasikia maneno ya mapenzi: gari hili limenisomeshea watoto, limenijengea nyumba, limempeleka marehemu mama hospitali. Yote ni kweli, ila hayatoshi kueleza jambo, maana yapo magari mengine yaliyosomesha watoto na yalipochoka yakauzwa bila simanzi. Aende kwa fundi. Akae juu ya tairi lililolala kando ya gereji, atulie, aangalie kazi tangu boneti inapofunguliwa mpaka inapofungwa. Ataelewa kwamba Land Rover inapendwa kwa sababu inafunguka, na kwamba anayeipenda kweli ni yule anayejua kuifunga tena.

Gereji zenyewe si za fahari. Ni kiwanja kilicholoa oili mpaka udongo mwekundu umegeuka mweusi, kibanda cha mabati cha kufungia spana, mti wa kivuli, na boriti nene iliyolazwa juu ya nguzo mbili kwa ajili ya kushushia injini kwa mnyororo. Pembeni zimelala chesisi tupu, difu, milango isiyo na magari, na rundo la springi zilizokatika. Mgeni huona takataka. Mwulize fundi kipande kimoja tu cha gia boksi, uone atakavyokwenda moja kwa moja mpaka kwenye debe fulani, asogeze mawili matatu, akutolee.

Land Rover ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani. Chuma kilikuwa cha mgawo, ilhali alumini ya viwanda vya ndege ilipatikana. Kampuni ya Rover ikalipa gari lake chesisi ya chuma na bodi ya aloi ya alumini, vipande bapa vilivyofungwa kwa bolti na riveti. Ulikuwa uamuzi wa shida, lakini shida hiyo ilizaa gari ambalo mtu mwenye spana chache anaweza kulitenganisha na kulirudisha. Toleo la pili lilitoka mwaka 1958, la tatu mwaka 1971, nalo likaendelea kuundwa mpaka 1985. Lile refu, 109, lenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ndilo lililopendwa zaidi huku kusini kwa sababu ya nafasi yake ya mizigo. Serikali iliyanunua magari haya, misheni zikayanunua, hospitali na vyama vya ushirika vikayanunua. Yalipochakaa kwa hesabu za ofisi yalipigwa mnada, na wafanyabiashara wa kahawa na samaki wakayachukua. Maisha hayo ya pili yamekuwa marefu kuliko ya kwanza.

Kazi iliyoyangoja ilikuwa ya mlima. Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Umatengo inayouzunguka hukaribia mita 2,000. Ziwa Nyasa liko kwenye mita 475 hivi. Kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay ni kilomita 66, kona juu ya kona, mashamba ya ngoro, yale ya vishimo vya Wamatengo, na ya kahawa yakibaki juu, miembe na mihogo ya ukanda wa ziwa ikikukaribisha chini. Kabla ya lami, mvua za Desemba mpaka Aprili ziliufanya udongo ule mwekundu kuwa utelezi mtupu. Basi lilisitisha safari, lori likalala njiani, Land Rover ikapita. Pengine abiria walishuka wakasukuma, pengine utingo alifunga minyororo kwenye magurudumu, lakini ilipita. Iliteremka na mahindi, maharage, sukari na mabati, ikapanda na usipa wakavu, dagaa wa ziwa lile. Zipo ambazo ukifungua mlango wa nyuma leo, jua likiwa kali, harufu ya usipa bado inakupokea.

Kushuka kulikuwa na hatari kuliko kupanda. Breki za 109 ni za ngoma, magurudumu yote manne, na breki za ngoma zikishika moto hupoteza nguvu. Dereva aliyefunzwa alisimama kileleni, akavuta mkono wa gia wenye kichwa chekundu ili aingie gia nzito, kisha akaiachia injini kazi ya kulishika gari, mguu ukigusa breki kwa nadra. Kwa hiyo katika njia ile, gia inayochomoka ni sawa na breki iliyokatika, na springi iliyochoka ni gari linaloweza kulala ubavu kwenye kona. Fundi aliyekaza nati asubuhi alijua kwamba kufikia jioni mlima utakuwa umeshaikagua kazi yake.

Ndiyo maana fundi mzoefu haanzi na spana. Anaanza na maswali. Kijana mwenye gari akifika, husalimia kwanza: “Shikamoo, mzee.” “Marahaba, mwanangu. Mgonjwa ana nini?” Kijana huanza kutaja dawa: gia boksi imekufa, nimeambiwa nibadilishe. Mzee humkatisha kwa upole. Sauti unaisikia ukipanda au ukishuka? Lina mzigo au tupu? Ukikanyaga klachi, mlio unanyamaza au ndipo unapoanza? Swali hili la mwisho linaokoa fedha nyingi. Mlio unaonyamaza klachi ikikanyagwa unatoka ndani ya gia boksi, kwenye beringi ya mbele. Unaoanza klachi ikikanyagwa unatoka kwenye beringi ya klachi yenyewe. Kila jibu linafuta ukurasa mmoja wa mashaka. Kisha huiwasha injini, huegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, na mpini wake huuweka sikioni. Huihamisha taratibu, kutoka pampu ya maji mpaka dainamo, kutoka silinda hii mpaka ile. Watu wote wananyamaza, hata wale waliokuja kupiga soga.

Hatua ya pili ni chesisi. Alumini ya bodi haipati kutu, na hilo humpumbaza mnunuzi: anaona gari limenyooka, rangi imekaa, hajui kwamba chini yake chesisi ya chuma inaliwa kutokea ndani, hasa pale matope yanapokaa na unyevu usitoke. Fundi hulala chini na nyundo ndogo, akagonga kuanzia mbele kwenda nyuma, pigo baada ya pigo, kila baada ya kiganja kimoja. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa mlio mfupi, mzito, usio na mwangwi. Akifika hapo huweka alama ya chaki na kuendelea. Mwisho wa ukaguzi chesisi ina alama nyeupe kadhaa, na mwenye gari anaweza kuhesabu mwenyewe atakayolipia. Sijaona ankara iliyo wazi kuliko hiyo.

Lakini kazi ninayopenda kuitazama kuliko zote ni ya springi. Land Rover hizi hubebwa na majani ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, refu juu, fupi chini, yakibanwa katikati kwa bolti moja. Jani la juu ndilo lenye macho mawili ya kupitishia bolti za kulishikiza kwenye chesisi. Barabara ya mashimo na mzigo wa magunia huyapinda majani mpaka yanyooke, na likikatika moja, jirani yake hulemewa naye akafuata. Gari likifikia hapo huinama upande mmoja, nalo kwenye kona za kushuka ziwani huyumba vibaya.

Fundi huinua chesisi kwa jeki, lakini haamini jeki. Hupanga magogo chini ya chesisi kila upande, akalisukuma gari kwa bega kuhakikisha limekaa, ndipo kijana anaruhusiwa kuingiza kichwa. Gurudumu linatoka, shokapu inafunguliwa, yubolti zinalegezwa. Bolti za kwenye macho ndizo mtihani, kwa kuwa hushikana na bushi kwa kutu kana kwamba zimezaliwa pamoja. Mwenye haraka huzikata. Mzee huzimwagia dizeli usiku, huzigonga kidogo asubuhi, huzimwagia tena, kisha huzipasha moto na kuzitoa kwa tindo na nyundo ya ratili. Akifaulu, bolti inatoka nzima na itatumika tena. Akishindwa, hana aibu kuchukua msumeno.

Majani yanatenganishwa, yanasuguliwa kwa brashi ya waya, na kila moja hukaguliwa mbele ya jua kutafuta ufa. Yaliyolegea hukunjwa upya. Hapa ndipo ustadi unapoonekana. Fundi huchora kwa chaki, kwenye sakafu ya saruji, pindo la jani zima analolichukua kuwa kielelezo. Kisha huliweka jani lililolegea juu ya vipande viwili vya chuma vilivyoachana kidogo, tumbo likining'inia katikati, akaanza kupiga nyundo kutoka ncha moja kwenda ya pili, akisogeza kidogo kidogo. Hatumii moto. Moto ungelainisha chuma na kukiondolea ule ukaidi wake wa kurudi kilipotoka, na springi isiyorudi ni kipande cha bati nene tu. Baada ya mapigo machache hulilaza jani juu ya mchoro wa chaki, akatazama, akarudi kwenye fuawe. Kazi hiyo hula asubuhi nzima kwa upande mmoja wa gari. Mwishoni majani yote hupakwa grisi, hubanwa pamoja, na bolti ya katikati huingizwa ikae sawasawa kwenye tundu lake la ekseli. Ikikosa tundu kwa unene wa kucha, ekseli hukaa mshazari na gari hutembea upande maisha yake yote.

Majani yaliyokatika hayatupwi. Chuma cha springi ni chuma kizuri, na wahunzi huja kukinunua. Panga linalofyeka kahawa huenda liliwahi kubeba magunia ya kahawa hiyo hiyo.

Kijana anayejifunza kazi hii hupita njia ndefu. Mwanzo huosha vifaa kwa dizeli na brashi. Kisha hupewa kazi ya kukabidhi spana, na hapo hugundua kwamba spana alizozizoea kwenye magari ya Japani hazifai. Land Rover za zamani zimefungwa kwa inchi: nusu inchi, saba kwa kumi na sita, tisa kwa kumi na sita. Spana ya milimita 14 haiingii kwenye nati ya tisa kwa kumi na sita. Ya 15 inaingia, inacheza, na kijana akiitumia kwa nguvu anaila nati mpaka inakuwa duara. Kosa hilo likifanywa mara moja kwenye nati ya mahali pabaya, fundi mzima anapoteza nusu siku. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kupima kwa jicho kwanza, kwa kidole pili, kwa spana mwisho. Akifikia hatua ya kunyoosha mkono na kupokea spana sahihi bila fundi kutaja namba, anaanza kuaminiwa.

Siku ya kupanga valvu ndiyo siku ya kuhitimu. Injini ya lita 2.25, iliyoendesha magari haya kwa miongo, ina silinda nne na valvu nane. Kila valvu iliyofungwa lazima iwe na nafasi ya sehemu kumi kati ya elfu moja za inchi, yaani robo ya milimita, kati yake na mkono unaoisukuma. Nafasi ikizidi, injini inalia kama cherehani. Ikipungua, valvu haifungi vizuri, inaungua, na nguvu ya kupandia mlima inapotea. Lakini fundi atajuaje kwamba valvu fulani imefungwa kabisa? Anatumia jumla ya tisa. Valvu ya nane ikiwa imefunguka mpaka mwisho, ya kwanza ndiyo ya kupanga. Ikifunguka ya sita, panga ya tatu. Ikifunguka ya nne, panga ya tano. Namba mbili zikijumlishwa lazima zitoe tisa, mpaka zote nane ziishe.

Kijana mmoja huzungusha injini kwa hendeli iliyopitishwa mbele chini ya rejeta, taratibu, plagi zikiwa zimetolewa ili kusiwe na ukinzani. Hufundishwa kushika hendeli vidole vyote, pamoja na dole gumba, vikiwa upande mmoja, maana siku ya kuiwasha kwa hendeli, injini ikirudisha teke, dole gumba lililozungushiwa hendeli huvunjika. Fundi yuko juu na fila geji, ule ulimi mwembamba wa chuma. “Twende... twende... simama.” Ulimi unaingia, unavutwa. Hautakiwi kupita bure wala kukwama. Unatakiwa kuvutika kwa ukinzani kidogo. Bisibisi inashikilia skrubu, spana inakaza nati, na ulimi unaingizwa tena kwa sababu kukaza nati huweza kuisogeza skrubu. Nimeona mzee akirudia valvu moja mara kadhaa huku mwenye gari akitazama saa. Hakugeuka kumtazama. Injini ilipowashwa ilinguruma kwa sauti ya chini, iliyojaa, na mwenye gari akaacha kuangalia saa.

Kwenye bodi kuna adabu nyingine. Alumini haikubali mashine ya kawaida ya kuchomelea, hivyo kiraka hukatwa, hukunjwa kingo, na kupigwa riveti kwa mstari ulionyooka. Pale alumini inapogusana na chuma chenye unyevu huliwa, basi fundi makini hutia kipande cha mpira katikati. Na kabla ya kufungua propela au gia, hupiga nukta ndogo kwa senta panchi pande zote mbili za kiungo ili avirudishe vilivyokaa. Kila fundi ana namna yake: huyu nukta mbili, yule nukta na mstari. Gari lililozunguka gereji nyingi lina maandishi hayo kila mahali, na fundi anapolifungua huyasoma. Huweza kukwambia, bila kuuliza, kwamba kiungo hiki kilifunguliwa na mtu wa pole na hiki na mtu aliyekuwa na njaa.

Ustadi uko pia katika kuacha. Mafundi hutania kwamba Land Rover isiyovuja imeishiwa oili. Ndani ya utani kuna hukumu: kuna mvujo wa kufuta kwa kitambaa na kuongeza oili kila safari, na kuna mvujo wa kulaza gari siku hiyo hiyo. Unaotoka kwenye kifuniko cha valvu unasubiri. Unaotoka kwenye silinda ya breki hausubiri hata saa moja. Fundi asiyejua tofauti hiyo hufungua kila kitu na kumfilisi mteja, au hafungui chochote na kumzika.

Ufukwe wa Nyasa umezoea vyombo vya kutengenezwa na kutengenezwa tena. Pale Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya mwamba wa majini unaofanana na sanamu ya Misri, meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo Agosti 1914. Ilikuwa imeletwa kutoka Ujerumani kwa vipande na kuunganishwa huku Afrika. Meli ya Waingereza, Gwendolen, ikaja ikaifyatulia mizinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa bado hajapata habari za vita. Alimjua Rhoades, nahodha wa Gwendolen, na walikuwa wakinywa pamoja, akapiga makasia kwenda kumfokea. Waingereza walirudi mwaka 1915 kuiharibu zaidi. Hata hivyo meli haikufia Liuli. Waingereza wenyewe waliiopoa, wakaitengeneza, wakaiita King George V, na ikaendelea kufanya kazi kwenye ziwa lile lile walipoipigia mizinga. Ukiwa mbali na bandari kubwa na viwanda, hata adui humtengenezi jeneza kabla hujamtazama kama anaweza kupona.

Basi, gari lililobadilishwa kila kitu ni gari lile lile? Mbinga zipo 109 zenye injini iliyotoka gari la ajali, gia boksi ya gari la misheni, mlango mmoja wa kijani na mwingine wa samawati. Nyingine zimetiwa injini za dizeli za Kijapani, na hapo mafundi hugawanyika. Kambi moja husema injini ya Japani inakula mafuta kidogo na spea zake zipo, ya nini kujitesa. Kambi ya pili husema ukitoa injini umetoa moyo, na viungo vya nyuma havikuundwa kubeba nguvu ile. Mimi naegemea kambi ya kwanza kwa gari la biashara na ya pili kwa gari la nyumbani. Juu ya swali lenyewe, la gari lenyewe ni lipi, jibu la fundi ni fupi: huinama, hugonga chesisi. Namba iko hapa, kadi inaifuata namba hii, hayo mengine ni nguo.

Mwenye gari naye ana elimu yake. Anajua mlango wa kushoto hufungwa kwa kuunyanyua kidogo. Anajua mvua ikianza tone la kwanza litaangukia goti gani. Anajua gia ya pili haipendi kuharakishwa asubuhi kabla oili haijapata joto, na kwamba mlio fulani ukinyamaza ndipo pa kuogopa. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Gari jipya lina ubovu pia, tofauti ni kwamba ubovu wake bado haujajitambulisha, na siku ukijitambulisha utahitaji kompyuta ambayo iko Songea au Dar es Salaam.

Hata hivyo tusidanganyane. Land Rover ya zamani ni nzito kwenye usukani, inapiga kelele, inakunywa petroli bila huruma, na haijui mkanda wa usalama kwa abiria wa nyuma. Imebeba watu kupita kiasi kwa miaka mingi, na milima ile imeua. Mapenzi yanayoishia kwenye kuosha bodi, kuandika jina juu ya kioo na kusimulia enzi zake ni mapenzi ya hatari, kwa kuwa humfanya mtu alionee gari huruma badala ya kulikagua. Anayempenda mgonjwa humpeleka apimwe. Gari kuukuu lililofunguliwa, likagongwa nyundo na kupangwa valvu ni chombo. Lisilofunguliwa, hata kama linang'aa, ni ajali inayosubiri mteremko.

Sasa mambo yamegeuka. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, iliyojengwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika kama sehemu ya Ushoroba wa Mtwara, ilikamilika kwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2020. Mabasi madogo na magari ya saluni hushuka ziwani kwa muda mfupi, na hakuna mtu mwenye akili anayelililia lile tope. Huko Solihull, Uingereza, Defender ya mwisho ya ukoo wa zamani ilitoka kiwandani tarehe 29 Januari 2016. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha kubwa la Land Rover, magari yakapita barabarani kwa msururu mrefu, mengi yakiwa yameoshwa na kupakwa rangi kwa ajili ya watalii. Ilikuwa heshima iliyostahili. Lakini Land Rover za Mbinga na Nyasa nyingi hazikustaafu kwenda kwenye gwaride. Zimehamia njia za pembeni, kwenda vijiji vya milimani ambako lami haijafika na kahawa bado inavunwa.

Kinachopungua kwa kasi kuliko magari ni mikono. Vijana wengi wa gereji leo hujifunzia kwenye bodaboda na magari madogo ya Japani, na hawalaumiwi, ndiko kwenye wateja. Wazee wanaojua jumla ya tisa kwa kichwa, wanaokunja springi bila moto na kusikia kutu kwa nyundo, hawakuandika popote. Mkoa wa Ruvuma una mila ya kufundisha ufundi: Wabenediktini wa Peramiho, waliofika mwaka 1898, walijenga karakana na shule ya ufundi, na VETA ipo Songea. Hakuna linalozuia vyuo hivyo kumwalika mzee wa gereji kwa wiki moja kila mwaka, alale chini ya chesisi mbele ya wanafunzi, agonge, aeleze. Kusikiliza kabla ya kufungua, kuweka alama kabla ya kutenganisha, kupima tena baada ya kukaza: hayo yanamfaa hata atakayekwenda kutengeneza mashine za kukobolea kahawa au injini za boti za Liuli na Lituhi.

Nawe mwenye Land Rover, kabla mvua za Desemba hazijaanza, ipeleke ifunguliwe. Usiseme bado inatembea. Mlipe fundi bei yake, usimpunje kwa sababu gari ni la zamani; la zamani ndilo linalotaka muda wake. Na ukienda, mchukue kijana mmoja wa nyumbani kwako, umkalishe karibu na mzee, umpe kazi ya kuzungusha hendeli.